Moyo Ulioachwa Mtini: Mwongozo Kamili wa Kusuka Ngano za Kihindi na za Kiyahudi Mbele ya Watu Wazima

Kima yuko mgongoni mwa mamba, katikati ya mto, maji yamemfika kiunoni. Mamba, ambaye nafsi imemsuta, anamwambia ukweli: mke wangu yu taabani, na dawa yake ni moyo wako. Kima hapigi ukunga. Anamjibu kwa upole, "Ndugu yangu, mbona hukusema tukiwa nchi kavu? Moyo wangu nimeuacha mtini."

Aliyelelewa pwani ya Afrika Mashariki ataniambia nimekosea: yule si mamba, ni papa, na mgonjwa ni sultani. Ndivyo Edward Steere alivyoichapa mwaka 1870, kama ilivyosimuliwa Unguja, ndani ya kisa cha punda wa dobi. Nami nilikua nikidhani ni yetu peke yetu. Kisha nikaikuta kwenye Panchatantra, mkusanyo wa kale wa ngano za India, kitabu cha nne. Kisha nikaikuta tena kwa Wayahudi, katika Alfabeti ya Ben Sira, maandishi ya Kiebrania ya zama za kati: safari hii aliyepanda mgongo wa samaki ni mbweha, na anayeutamani moyo wake ni Lewiathani, mnyama mkuu wa bahari.

Mwongozo huu ni kwa fanani anayetaka kusimama mbele ya watu wazima kwa muda usiofika saa moja, bila mapazia wala taa za rangi, azisuke ngano za pande hizo mbili ziwe onyesho moja. Nasema kuzisuka, si kuzikoroga. Ukikoroga unapata uji. Ukisuka ukili, kila mwaa unaonekana ulikoingia na ulikotokea, uliotiwa rangi na usiotiwa, na mkeka ni mmoja.

Hatua ya kwanza: tafuta mfupa, usitafute maudhui

Wengi huanza vibaya hapa. Wanachagua neno kubwa, "hekima" au "subira", kisha wanachukua ngano moja ya Kihindi na moja ya Kiyahudi zinazolihusu. Matokeo yake ni maonyesho mawili yaliyokodi ukumbi mmoja. Maggid (yaani mhubiri) wa Dubno, Rabi Jacob Kranz (1741–1804), aliyesifika kwa mifano yake, inasemekana aliulizwa anawezaje kila mara kupata hadithi inayolingana na jambo. Akajibu kwa kisa cha mpiga mshale ambaye mishale yake yote ilikuwa katikati ya shabaha: alikuwa anapiga mshale kwanza, halafu ndipo anauchorea duara. Kwa mhubiri, jibu zuri. Kwa msukaji wa ngano ni mtego, kwa sababu hadhira ya watu wazima huiona chaki ikiwa bado mbichi.

Unachotafuta ni tukio lile lile au kitu kile kile kilichokwisha kukaa katika ngano zote mbili kabla wewe hujafika. Nitakupa mifupa minne ambayo nimeitumia.

Wa kwanza, wanawake wawili na mtoto mmoja. Suleimani anaagiza upanga. Katika Jataka, visa vya Kibuddha vya maisha ya zamani ya Buddha, mwenye hekima Mahosadha anachora mstari ardhini, anamweka mtoto juu yake na kuwaambia wanawake wavutane. Mama wa kweli ndiye anayeachia. Mwizi wa mtoto kule India ni yakshini, jinni jike mla watoto. Upanga na mstari: tofauti hiyo peke yake inatosha robo saa ya jukwaani.

Wa pili, ngazi ya wenye nguvu. Katika Panchatantra, panya aliyegeuzwa msichana anatafutiwa mume: jua linashindwa na wingu, wingu na upepo, upepo na mlima, mlima na panya. Katika Midrash ya Mwanzo, ufafanuzi wa kale wa marabi juu ya kitabu cha Mwanzo, mfalme Nimrodi anamwamuru Ibrahimu auabudu moto, naye Ibrahimu anampandisha ngazi hiyo hiyo: basi tuabudu maji yanayouzima moto, basi mawingu yanayobeba maji, basi upepo. Msomaji wa Kiswahili amekwisha kumkumbuka Mwalimu Goso aliyepigwa na buyu, na wanafunzi wake wakimshitaki kusi, kusi akikishitaki kiambaza, kiambaza kikimshitaki panya.

Wa tatu ni moyo ulioachwa nyumbani. Wa nne ni mtu aliyebebwa mgongoni, nao nitauchambua huko mbele. Hiyo miwili ndiyo nguzo za onyesho nitakalokupa.

Hatua ya pili: linganisha matoleo mpaka uone yanakopishana

Chukua karatasi, igawe sehemu mbili, na uandike mambo manne tu: nani anautaka moyo, kwa nini, anamnasaje mwenye moyo, na mwenye moyo anasema nini akishaokoka. Usiandike mafunzo. Mafunzo yanafanana kila mahali, na ndiyo maana hayana kazi kwetu.

Upande wa India. Kima, Raktamukha, yaani Uso-Mwekundu, anakaa juu ya mti wa jambu kando ya maji. Jambu ndiyo zambarau zetu hizi zinazoacha ulimi na rangi ya wino, kwa hiyo huna haja ya kumweleza mtu tunda hilo lilivyo (huko Unguja mti umegeuka mkuyu, na mkuyu pia hauna ubaya). Kila siku kima anamtupia mamba zambarau, na mamba anampelekea mkewe. Mke anawaza: anayekula utamu huu kila siku, moyo wake una ladha gani? Tena anaona wivu, kwa maana mume hashindi nyumbani tena. Huu ni mgogoro wa ndoa uliovaa ngozi ya mnyama. Wasimuliaji wengi humfanya mke kuwa mchawi tu, na watunzi wa zamani nao hawakumhurumia. Lakini mwanamke anayeletewa zambarau kila jioni na mume ambaye mchana kutwa yuko kwa rafiki ana swali la haki. Mpe sentensi mbili za kulalamika kama mtu, na nusu ya ukumbi itakaa sawasawa kwenye viti.

Upande wa Kiyahudi. Malaika wa Mauti ameagizwa atupe baharini jozi ya kila mnyama. Mbweha anaanza kulia ukingoni. Unalia nini? Namlilia ndugu yangu uliyekwisha kumtupa, yule pale, na anaonyesha kivuli chake majini. Malaika anaamini, anamwachia. Habari inamfikia Lewiathani kwamba yuko mnyama mwerevu kiasi hicho, naye anatamani kuula moyo wake ili werevu uingie kwake. Samaki wanatumwa. Wanamwambia mbweha: mfalme wetu yu mgonjwa, amekuchagua wewe umrithi. Mbweha mwerevu anaingia kwa sifa! Huko katikati ya bahari ndipo wanapomwambia ukweli, naye anasema sisi mbweha mioyo yetu huiacha nyumbani. Akirudishwa pwani anachezacheza mchangani: nimemdanganya Malaika wa Mauti, nitashindwa na ninyi?

Sasa tazama. Kima ananaswa na urafiki, mbweha ananaswa na cheo. Mke wa mamba anataka utamu, Lewiathani anataka akili. Hapo ndipo hadithi ya pili inapopata sababu ya kusimuliwa baada ya ya kwanza.

Angalizo la lugha. Kwetu moyo ni ujasiri na mapenzi: tunapiga moyo konde, tunavunjika moyo. Katika Kiebrania cha kale moyo ni makao ya akili pia. Usipoliandaa hilo, tamaa ya Lewiathani haitaeleweka. Mimi huweka mstari mmoja kinywani mwa samaki: "Kumbukeni, akili ya mbweha haikai kichwani." Basi. Usisimamishe hadithi kutoa darasa.

Hatua ya tatu: ijue njia ya hadithi, kisha nyamaza

Fanani anapaswa kujua zaidi ya anachosema. Panchatantra ilifasiriwa kwa Kipahlavi huko Uajemi katika karne ya 6, zama za mfalme Khosrau Anushirwani, na tabibu Burzoe. Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu karne ya 8, ikawa Kalila wa Dimna. Kutoka Kiarabu ikaingia Kiebrania kwa kalamu ya mtu anayetajwa kama Rabi Joel, na kutoka Kiebrania, katika nusu ya pili ya karne ya 13, Yohana wa Capua, Myahudi aliyeingia Ukristo, akaifasiri kwa Kilatini, na wasomaji wengi wa Ulaya wakaijua kwa njia hiyo. Kwa hiyo ngano za Kihindi zilipita mikononi mwa Wayahudi kabla ya kuwafikia wengi wa wasomaji hao. Hata Kitabu cha Esta kinafungua kwa mfalme aliyetawala kutoka Bara Hindi mpaka Kushi.

Na wako watu ambao kwao mchanganyiko huu haukuwa wazo la jukwaani, ulikuwa maisha. Bene Israel wa pwani ya Konkani, kusini mwa Mumbai, husimulia kwamba mababu zao walivunjikiwa chombo karibu na Navgaon wakaokoka wanaume saba na wanawake saba. Walikamua mafuta, na kwa kuwa siku ya Sabato hawakugusa kinu, majirani wakawaita Shanivar Teli, wakamuaji wa Jumamosi. Humwadhimisha Nabii Eliya kwa sinia la malida: mchele uliopondwa, nazi, sukari, iliki na matunda. Mwishoni mwa karne ya 19 walichukua kirtan, namna ya Kihindu ya kusimulia kwa kupokezana wimbo na maneno, wakaitumia kuimbia habari za Ibrahimu na Yusufu kwa Kimarathi. Huko Kochi, wanawake wa Kiyahudi walitunza nyimbo zao za Kimalayalam katika madaftari yaliyorithishwa.

Mambo haya yote yakae kifuani mwako. Jukwaani utatoa sentensi moja, mbili zikizidi. Niliwahi kufungua onyesho kwa dakika sita za historia, na nilipofika kwa Ibn al-Muqaffa nikasikia kijiko kikikoroga chai safu ya nyuma.

Hatua ya nne: chagua kiunzi kitakachobeba zote

Wahindi ni mabingwa wa hadithi ndani ya hadithi, na kiunzi bora kwa watu wazima ni cha vetala. Mfalme (wengi wanamjua kwa jina la Vikram) ameagizwa usiku aende mahali pa kuchomea maiti, aishushe maiti inayoning'inia mtini, aibebe mgongoni bila kusema neno. Ndani ya maiti mna vetala, pepo mwenye maneno mengi. Anamsimulia hadithi, kisha anauliza swali: ukijua jibu ukanyamaza, kichwa chako kitapasuka. Mfalme anajibu. Kwa kuwa amesema, maiti inaruka kurudi mtini, naye anaanza upya. Ishirini na tano kwa jumla. Somadeva wa Kashmir alizitia katika bahari yake ya visa, Kathasaritsagara, karne ya 11.

Uzuri wa kiunzi hiki ni kwamba kinaigeuza hadhira kuwa Vikram. Uliza swali, nyamaza, ngoja. Mtu mzima mmoja atashindwa kujizuia na kujibu. Mwelekee, mwambie, "Umesema. Maiti imerudi mtini." Ukifanya hivyo mara mbili, ukumbi ni wako. Na katika kiunzi hicho unaweza kumpa vetala ngano ya Kiyahudi aisimulie, kwa sababu marabi nao walipenda kisa kinachoishia kwenye hukumu.

Kisa cha vetala ninachokichagua ni cha vichwa vilivyobadilishwa. Dhavala, kijana dobi, anamwoa Madanasundari, binti wa dobi aitwaye Nguo-Safi. Wakiwa njiani na kaka wa bibi arusi, Dhavala anaingia hekalu la Mungu Mke na, kwa hamasa ya ibada, anajikata kichwa. Shemeji anamfuata ndani, anaona, naye anajikata. Mwanamke anakuja, anafunga kitanzi, na ndipo sauti ya Mungu Mke inapomwambia: rudisha vichwa mahali pake, wataishi. Kwa haraka na mkono unaotetemeka, kichwa cha mume kinakwenda kwenye kiwiliwili cha kaka, cha kaka kwenye kiwiliwili cha mume. Nani sasa ni mume? Mfalme anajibu: mwenye kichwa cha mume, maana kichwa ndicho kinachotawala. Wapo matoleo yanayomweka rafiki badala ya kaka. Mimi hubaki na kaka, ndiyo inayowafanya watu washike midomo.

Mwenzake wa Kiyahudi yuko katika Talmud, mkusanyo mkuu wa mijadala ya marabi, Sanhedrini 91. Mfalme ana bustani ya tini nzuri, ameweka walinzi wawili, kiwete na kipofu. Kiwete anampanda kipofu mgongoni, wanazila tini. Wakiulizwa, mmoja anasema sina miguu, mwingine sina macho. Mfalme anampandisha kiwete juu ya kipofu tena na kuwahukumu kama mtu mmoja. Hivyo ndivyo Rabi Yehuda Hanasi alivyomjibu Antonino, mtawala wa Kirumi, juu ya mwili na roho siku ya hukumu. Wanafalsafa wa Sankhya kule India walitumia picha hiyo hiyo, kiwete juu ya kipofu, kueleza jinsi nafsi na maumbile zinavyokwenda pamoja. Na mfalme aliyebeba maiti mgongoni? Ni mfupa ule ule. Nilipouona, niliandika onyesho zima usiku mmoja, kisha nikalifuta kwa miezi miwili.

Hatua ya tano: maungio

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ndani ya ngano siongezi kitu ambacho hakina mizizi ndani yake. Kwenye maungio naruhusu uongo wa fanani, na nikiulizwa baadaye nakiri ni wangu. Hivi ndivyo ninavyotoka mtoni kwenda baharini:

"Mamba akangoja chini ya mzambarau. Akangoja mpaka msimu ukaisha. Alipochoka akaogelea zake, akatoka mlangoni mwa mto akaingia baharini, na kadiri maji yalivyozidi kina ndivyo naye alivyozidi kukua, hata pakakosekana ndoana ya kumvua na kamba ya kuufunga ulimi wake. Wayahudi walipomwona wakamwita Lewiathani. Lakini kiu ilikuwa ile ile. Juu, nchi kavu, kuna mnyama mwenye moyo."

Ndoana na kamba nimezitoa Kitabu cha Ayubu, sura ya 41. Na katika Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka, mnyama anayeulizwa hapo kama atavuliwa kwa ndoana ameitwa mamba. Sikuvumbua chochote, niliokota.

Ungio la pili halina maneno. Nina shuka moja zito la kijivu. Likiviringishwa na kutupwa begani ni maiti ya Vikram. Natembea nalo hatua nane, nikiinama. Kisa cha vichwa kikiisha, silishushi. Nafumba macho tu. Wanaokaa mbele huelewa papo hapo kwamba aliyebeba sasa ni kipofu, na mzigo una macho.

Ungio la tatu: nalikunjua shuka, nalitandaza juu ya kiti, linakuwa kitambaa cha meza. Naingia chini yake. Hapo tumefika kwa mwana wa mfalme aliyejiona bata mzinga, kisa kinachosimuliwa kwa jina la Rabi Nachman wa Breslov (1772–1810). Mwana amevua nguo zote, amekaa chini ya meza, anadonoa makombo. Waganga wameshindwa. Anakuja mtu mwenye hekima, naye anavua, anaingia chini ya meza, anadonoa. Wewe nani? Mimi bata mzinga. Siku zikipita anaomba shati. Bata mzinga akivaa shati haachi kuwa bata mzinga, sivyo? Kisha suruali. Kisha chakula cha watu. Kisha kiti.

Kwa Kiebrania bata mzinga huitwa "jogoo wa India". Ndege mwenyewe ni wa Amerika, lakini jina limemfunga Myahudi na Mhindi bila kuombwa. Sijawahi kulisema jukwaani. Nalihifadhi kwa ajili ya mazungumzo ya baadaye, ambako linachekesha zaidi.

Ona uzi ulivyopita: moyo, kichwa, mwili uliobebwa, nguo. Mtu yuko wapi hasa? Swali hilo lisitamkwe hata mara moja usiku mzima. Ukilitamka umelichorea duara.

Hatua ya sita: mahali pa kukanyaga taratibu

Lafudhi. Mara ya kwanza nilimpa mamba sauti ya Mhindi wa dukani, ile ambayo kila mmoja wetu Afrika Mashariki anaweza kuiigiza. Ukumbi ulicheka. Safu ya pili alikaa mama na binti yake waliovaa sari, hawakucheka, na baada ya onyesho hawakuja kunilaumu, waliondoka tu. Tangu siku hiyo mamba anazungumza kama mume mwenye aibu, na anachekesha zaidi. Vivyo hivyo kwa Myahudi mkopesha fedha: hayumo katika ngano hizi, usimwingize.

Vitu vya ibada. Mungu Mke wa kisa cha vichwa anaabudiwa leo. Msimulie kwa sauti tulivu, bila macho ya kutisha. Usivae shali ya sala ya Kiyahudi wala kujipaka alama ya Kihindu kwenye paji la uso. Jina la Mungu la herufi nne Wayahudi hawalitamki; nawe usilitamke.

Bata mzinga. Katika kila hadhira yupo mwenye ndugu aliyeugua akili. Mcheshi katika kisa hiki awe yule mwenye hekima anayevua suruali, wala si mgonjwa.

Siasa. Ukitangaza ngano za Kiyahudi, kuna atakayekuja na Gaza kifuani. Usijifanye humwoni, na usiigeuze hadithi kuwa bendera ya upande wowote. Mwambie hizi zilisimuliwa na watu wa Babeli na wa Ukraine, kisha mpe nafasi ya kusema akitaka, baada ya onyesho.

Hatua ya saba: sauti na wimbo

Fungua kwa mlango wa nyumba yako. Paukwa, pakawa; mara moja, usirudie. Majina marefu yafasiri pale maana inapopendeza, kama Uso-Mwekundu na Nguo-Safi, na uyaache kama yalivyo pale sauti inapotosha: vetala, Lewiathani.

Kwa wimbo, Wahasidi, kundi la Wayahudi wachamungu, wana niguni, wimbo usio na maneno, "nai-nai-nai" tu. Ni zawadi kwa hadhira iliyochanganyika kwa kuwa hakuna asiyejua maneno yake. Fundisha mstari mmoja mwanzoni, kisha uuongoze kwa namna ya kirtan: wewe unatoa, wao wanapokea. Uimbeni katika kila ungio isipokuwa lile la kipofu. Pale pawe kimya.

Hatua ya nane: mazoezi

Usikariri. Andika kila ngano kwa sentensi zisizozidi saba na uchane karatasi ukishazijua. Simulia ukiosha vyombo. Jirekodi sauti kwenye simu; utasikia mahali unapoanza kusoma badala ya kusema, na mara nyingi ni pale usipoiona picha mwenyewe. Mienendo ya shuka ifanyie mazoezi peke yake hadi mikono isikuombe ruhusa.

Kisha msimulie mtu mmoja, asiyezijua, kima na mbweha mfululizo. Muulize amesikia hadithi ngapi. Akisema moja, umekoroga. Akisema mbili zisizohusiana, hujasuka. Unangojea jibu linaloanza hivi: "Mbili, lakini..."

Muda wangu uko hivi: kufungua na niguni dakika 5, kima 12, mbweha 7, Vikram na vichwa 14, kiwete na kipofu 5, bata mzinga 9. Jumla 52. Ukiona unafika 65, aliyekulaghai ni kima. Kila fanani humpenda kupita kiasi.

Weka pia hadithi moja ya akiba kwa siku ambayo umeme umekatika au hadhira haitaki kuondoka. Mimi nina ya mwisho ya vetala: baba na mwana wanaona nyayo za wanawake wawili mchangani, wanakubaliana baba amwoe mwenye nyayo kubwa, mwana mwenye ndogo. Wanawafikia: nyayo kubwa ni za binti, ndogo ni za mama yake. Ahadi ni ahadi. Watoto watakaozaliwa wataitana nani? Vikram alikosa jibu, akanyamaza, na kwa kunyamaza akashinda. Inachukua dakika tatu, na mabishano yake nusu saa.

Hatua ya tisa: usiku wenyewe

Viti nusu duara, safu zisizidi nne. Chai itolewe kabla, si katikati. Taa zibaki zikiwaka: vetala anahitaji kuziona nyuso. Kabla ya kila ngano taja inakotoka kwa sentensi moja, kwa mfano, "Hii ilikuwa imekwisha kuzeeka India ilipofasiriwa Uajemi karne ya 6." Usimalize kwa kueleza bata mzinga ana maana gani, hata wakikusihi. Kunja shuka mbele yao, taratibu, pembe kwa pembe, kisha ondoka.

Usiende mbali. Kaa karibu na birika ukiwa na daftari, kwa sababu atakuja mtu, mara nyingi mzee, kukuambia kwamba kwa bibi yake ilikuwa vingine. Muulize mnyama wa majini alikuwa nani, mti ulikuwa upi, na moyo ulitakiwa na nani. Yaandike kabla hajamaliza chai yake.